Mlinichukua kwa king'ora, mkanirudisha kimya kimya

Kwenu wakuu mnaosimamia afya yetu na kuongoza mapambano ya milipuko ya magonjwa nchini Uganda, mlioko Kampala na mlioko wilayani.

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanamke wa Malaba, mji wa mpakani kati ya Uganda na Kenya, upande wa Uganda. Nina hoteli ndogo ya mabati karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja karatasi za forodha. Napika posho (ugali) na maharage, matoke, nyama ya kuchemsha, na asubuhi chai na chapati. Wateja wangu wengi ni madereva na mataniboi, yaani wasaidizi wao. Mteso, Msamia, Mganda, Mkikuyu, Msomali, wote wakifika kwangu wanaagiza chakula kwa Kiswahili, na ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili.

Barua hii imekaa moyoni mwangu tangu 2020. Nilidhani imeshaisha yenyewe. Kisha tarehe 30 Januari 2025 ikatangazwa kwamba Ebola ya aina ya Sudan imemuua muuguzi mmoja Kampala, na kwamba kabla ya kufa alikuwa amefika hadi Mbale akitafuta matibabu. Mbale si mbali na sisi. Jioni ile jirani yangu alikuja mlangoni, hakuingia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, wakija tena, tuwafungie watoto ndani au tuwapeleke kwa bibi yao ng'ambo ya mpaka?"

Hakuuliza Ebola inaambukizwa vipi. Hakuuliza dalili zake. Aliuliza habari zenu.

Nataka mjue swali lile lilizaliwa wapi.

Mwaka 2020, mwezi wa nne. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa Machi, shule zimefungwa, magari ya abiria yamesimamishwa, boda wanaruhusiwa kubeba mizigo tu, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Sisi wa mpakani tulikuwa na hofu yetu ya pekee, kwa sababu malori hayakusimama. Mafuta na chakula cha nchi nzima, pamoja na mizigo ya Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, vilipita mbele ya milango yetu usiku na mchana. Kila siku tulikaa karibu na redio kusikiliza hesabu: leo wamepatikana kadhaa, ni madereva wa malori, Wakenya hawa, Watanzania hawa, wameingilia Malaba. Jina la mji wetu likawa kama jina la ugonjwa wenyewe. Dada yangu aliyeolewa Iganga alinipigia simu akaniambia nisithubutu kwenda kwake, hata kukiwa na msiba.

Siku zile dereva alipimwa hapa, sampuli ikasafirishwa hadi Entebbe, naye akaendelea na safari. Jibu lilimkuta njiani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mteja wangu mmoja, baba mtu mzima, mpole, ambaye kwa miaka mingi alikula kwangu kila safari. Alipoulizwa alisimama wapi na kula wapi, alinitaja. Alifanya vizuri kunitaja. Simlaumu hata kidogo.

Timu ilikuja saa saba mchana. Gari la mbele lilikuwa na king'ora, la nyuma lilibeba askari. Hapakuwa na mgonjwa mahututi wa kukimbizwa, na mpaka leo sijui king'ora kile kilikuwa cha nini. Walishuka watu wanne waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni. Mimi nilikuwa nakoroga maharage. Mmoja akapuliza dawa kwenye benchi, kwenye meza, ukutani, halafu kwenye sufuria iliyokuwa inachemka motoni. Mvuke ulipanda na harufu ile ya klorini ukaniingia machoni. Nakumbuka pia kwamba mkono wa kijana yule ulikuwa unatetemeka. Alikuwa mdogo, rika la mwanangu wa kwanza, na nyuma ya kile kioo macho yake yalikuwa na woga kuliko yangu. Nilitaka kumwambia, mwanangu, usiogope. Sikupata nafasi.

Watoto walikuwa wameshakimbia. Watu wazima walisimama ng'ambo ya barabara, mikono vifuani. Mwingine wa timu alisema maneno kwa Kiingereza, haraka haraka, akiwa mbali. Sikuyashika yote. Kilichofika masikioni mwangu vizuri ni sauti ya askari: "Panda! Panda haraka!"

Hapo ningependa msimame kidogo, wakuu wetu. Amri ilikuja kwa Kiswahili, maelezo yakaja kwa Kiingereza. Nyinyi mnajua Kiswahili kimepita wapi katika nchi hii. Wazee wengi kusini na katikati ya Uganda hawakukipenda kwa sababu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni jambo jema. Lakini siku ile kwenye hoteli yangu kilitumika kama kilivyotumika zamani, cha kufokea tu. Yule aliyejua ninapelekwa wapi, kwa nini, na kwa siku ngapi, hakuwa nacho. Kama angekuwa nacho, au kama angesimama nyuma ya mtu mmoja wa hapa hapa anayekijua, dakika tano zingetosha. Kwa heshima ya watu wa Malaba, na wa miji mingine ya mpakani, Busia, Mutukula na Elegu, wapeni watu hao dakika tano katika lugha wanayoishi nayo.

Nilikaa karantini pamoja na mpwa wangu anayenisaidia kuosha vyombo, katika shule moja iliyokuwa imefungwa. Siku 14 tulizoambiwa zikawa 19. Tulichukuliwa sampuli mara mbili, ile pamba ikaingizwa puani mpaka machozi yakatoka, lakini majibu sikuwahi kuyaona. Siku ya 19, jua likiwa limeshaanza kushuka, mlinzi alifungua geti akasema, "Nyinyi mmeachiliwa, nendeni kwenu." Nikamwuliza, na majibu? Akanijibu: "Ungekuwa nayo ungebaki."

Hicho ndicho cheti nilichopewa.

Boda alikuwa na ruhusa ya kubeba mizigo, si abiria, kwa hiyo godoro letu lilipanda boda nasi tukatembea nyuma yake. Tuliingia Malaba kafyu imekaribia, barabara tupu. Hakuna aliyetuona tukirudi isipokuwa mbwa. Nilifurahi wakati ule, nikasema angalau hakuna macho. Sikujua kwamba kule kurudi bila kuonekana ndiko kungeniumiza.

Asubuhi nilikwenda kisimani. Pale kwetu jerikeni ndizo zinazopanga foleni, watu wanakaa kivulini wakipiga soga mpaka zamu ifike. Niliweka yangu nyuma ya nyingine. Kijana mmoja, mtoto niliyemlisha mandazi tangu anatambaa, akaokota kijiti kirefu, akaisukuma jerikeni yangu nje ya mstari. Hakutukana. Hakusema neno. Aliisukuma taratibu kwa kijiti kama mtu anayeondoa nyoka aliyekufa, kisha akakitupa kile kijiti mbali. Watu wazima walikuwa wanaangalia na hakuna aliyemkemea.

Siwezi kuwalaumu. Jiwekeni mahali pao. Waliona gari mbili, askari, nguo nyeupe, dawa ikimwagwa mpaka kwenye sufuria. Serikali nzima iliwaambia kwa macho yao kwamba mama huyu ni hatari. Wiki tatu baadaye mama yule yule anaonekana kisimani, na hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuwaambia kuwa ile hatari imekwisha, au kwamba haikuwepo kabisa. Wangeamini nini? Wengine walisema nimetoroka. Wengine walisema nimehonga. Mwenye nyumba, mzee niliyemheshimu sana, aliniomba kwa upole nitafute chumba kwingine kwa sababu ana wajukuu. Hoteli ilikaa bila mteja miezi miwili na zaidi.

Yangu ni madogo. Nilipoteza mtaji, na mtaji hurudi. Kilichonifanya nisilale ni cha jirani yangu, huyu huyu aliyeniuliza swali la jioni.

Mwezi wa sita mwaka ule ule mtoto wake wa miaka minne alishikwa na homa. Kwetu homa ya mtoto majira ya mvua ni malaria kwanza, kila mama anajua, na tunajua pa kwenda. Lakini homa ilikuwa pia dalili iliyotajwa redioni kila siku. Mama yule alimfungia mtoto ndani siku tatu. Alimfukiza kwa majani, alimpa maji ya ndimu na tangawizi, alimziba mdomo kwa kanga akikohoa ili sauti isifike nje. Siku ya nne mtoto akashikwa na degedege, ndipo akambeba mgongoni akakimbia naye. Kipimo kilionyesha malaria, imeshapanda kichwani. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini masikio yake hayakurudi. Leo mnapomwita lazima mumguse bega.

Nilimwuliza mama yake kwa nini hakuniambia, nikiwa ukuta wa pili. Akasema: "Ningekuambia wewe uliyepelekwa?"

Waswahili wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii nimeisikia ikinukuliwa sana na viongozi kutukemea tunaoficha. Ni kweli tupu, kilio kilimfichua mama yule. Lakini alijifunza kuficha siku ile mchana alipoona nilivyochukuliwa, na akahitimu alipoona nilivyorudishwa. Hakuwa mjinga. Shule amesoma kuliko mimi.

Na haya si ya Malaba peke yake. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, ikathibitishwa kwa watu 142 na kuua 55 kati yao kabla ya kutangazwa kwisha Januari 2023, tulisikia habari ya mtu aliyekuwa anafuatiliwa akatoroka, akaenda kwa mganga, akafia Kampala. Tulisikia Kassanda kaburi limefukuliwa ili marehemu aoshwe na kuzikwa kwa taratibu za dini yake. Redioni watu walishangaa, vipi mtu akimbie madaktari? Mimi sikushangaa. Mtu yule alikuwa anakimbia gari. Ebola yenyewe haina sura ya kumkimbiza mtu, gari linayo.

Mwaka jana nilikuwa na mteja Mwacholi wa Gulu, dereva wa lori la saruji. Alikuwa kijana mdogo Ebola ilipopiga kwao mwaka 2000, ikaambukiza watu 425 na kuua 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliyekufa Desemba akiwahudumia wagonjwa wake. Tulikuwa tunazungumza habari ya jerikeni yangu, naye akanieleza desturi ya wazee wao. Waacholi wana neno, gemo, ndiyo tauni inayokuja kwa ghafla na kuchukua wengi. Wazee wakishasema hii ni gemo, mambo hubadilika: mgonjwa anatengwa kwenye nyumba iliyo mbali na nyingine, na mtu aliyeugua akapona ndiye anayempelekea chakula. Penye nyumba ile husimamishwa miti miwili mirefu ya matete, moja huku moja huku, ili kila mpita njia ajue. Hakuna kutembeleana, hakuna ngoma. Na aliyepona hukaa mwezi mmoja kamili wa angani, tangu unapoandama mpaka unapoandama tena, ndipo anaruhusiwa kuchangamana na watu.

Nilimwomba arudie hapo mwishoni. Mwezi ukiandama. Kila mtu kijijini anauona mwezi. Hakuna haja ya kumwuliza mgonjwa karatasi, wala ya mtu kumtetea. Wazee wale walifunga kwa ukali kuliko askari wowote, lakini walijua kwamba mlango uliofungwa mbele ya watu lazima ufunguliwe mbele ya watu. Nanyi mnajua kufunga. Mnafunga vizuri na kwa haraka. Kufungua ndiko hamkupangia.

Na haraka mnayo, hilo halina ubishi. Ebola ya mwaka 2025 ilitangazwa tarehe 30 Januari, na siku nne baadaye majaribio ya chanjo yalikuwa yameanza Kampala. Siku nne! Watu wenye uwezo huo hawashindwi kurudisha gari moja Malaba.

Ndilo ninaloliomba. Timu iliyokuja kumchukua mtu mchana, irudi mchana. Gari lile lile, watu wale wale ikiwezekana, lakini bila king'ora, bila nguo nyeupe, bila askari. Wamwite mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na majirani wa pale pale. Wakae. Waseme kwa lugha ya pale: huyu mlimwona akichukuliwa, tumempima, hana, au alikuwa nayo na amepona, hawezi kumwambukiza mtu. Waache maswali yaulizwe, hata yale ya kijinga, hata lile la kwamba serikali inalipwa kwa kila mgonjwa, maana lisipojibiwa pale litajibiwa na mlevi. Halafu, na hili naona ni kubwa kuliko hotuba, wanywe chai kwa yule mtu. Wapokee kikombe mkononi mwake. Kijana wa kisimani angeona daktari akinywa kwenye kikombe changu, kijiti kile asingekiokota.

Najua mtaniuliza habari ya siri ya mgonjwa. Ni swali la haki, na mtu asiyetaka aachwe, aulizwe kwanza. Lakini siri yangu mimi iliisha siku ya king'ora. Baada ya pale, kilichofichwa ni nafuu yangu peke yake.

Waliopona Ebola wamekuwa wakipewa vyeti wanapotoka, na ni hatua njema. Sisi wa korona tuliotengwa tu bila kuugua hatukupata hata hicho. Toeni jibu la kila kipimo mkononi mwa aliyepimwa, liwe la karatasi, liwe kwa lugha anayoisoma. Hilo ni dogo, silizungumzii sana. Cheti hata hivyo hukaa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, kisimani hakifiki.

Kuhusu zile hesabu za kila siku, tuambieni na mwisho wa safari ya watu. Mteja wangu yule dereva sisi tulishamlilia. Tulisikia amepatikana nayo, kisha kimya. Mwezi wa tano mkawatoa madereva wa kigeni kwenye hesabu ya taifa, namba ikashuka redioni, naye akapotea hata kwenye namba. Mwezi wa nane simu yangu ikaita, ni yeye, anacheka, anauliza kama bado ninapika maharage kwa nazi. Alikuwa amepona zamani sana, hata kitandani hakuwahi kulala siku moja. Miezi mitatu mtaa mzima uliishi na maiti yake, na ile maiti ndiyo iliyokuwa inawatisha watu kisimani. Mtu mmoja aliyepona, akisimama na miguu yake miwili, angetuliza mji kuliko matangazo yote. Nchi hii iliwahi kulijua jambo hilo. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya aliposema mbele ya watu kwamba ana Ukimwi, wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza kuwa mwenye virusi ni mtu, ana uso, anaimba.

Na wahudumu wetu wa afya wa kijiji, VHT, tangulieni kuwatuma kabla ya gari. Yule wa mtaani kwetu anajua kila mlango na kila mtoto. Siku ile hakuambiwa chochote, aliona vumbi kama sisi. Mnamkumbuka wakati wa kugawa vyandarua, na posho yake ni shukrani. Mlipeni kitu, na mpeni simu yenye chaji.

Kwa kijana aliyenipulizia dawa, kama barua hii itamfikia: sina kinyongo. Ulikuwa umetumwa, na uliogopa, na hukukimbia. Ningependa nikuone bila ile nguo.

Benchi lile bado lipo. Dawa iliacha alama nyeupe kwenye mbao, sijaipaka rangi. Chai huwa tayari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Jirani yangu naye bado anangoja nimjibu kama awapeleke watoto ng'ambo au awaache. Nilimwambia avumilie, kwanza nimalize kuwaandikia.

Wenu kwa heshima,
Mwenye hoteli, Malaba